Kwa Padri Silvano Theuri, Uliyekaa Benchi la Nyuma

Mwaka umetimia, Padri, tangu tukulaze pale nyuma ya kanisa pamoja na mapadri wenzako, na barua zako bado zinakuja. Juzi imeletwa nyingine kutoka Wang'uru, ya mwalimu mmoja wa katekisimu anayetaka umfafanulie habari za toharani. Tumemjibu kwa adabu kwamba siku hizi unazijua habari hizo kuliko zamani, ila huna namna ya kuandika. Tunajua ungecheka. Ungecheka mpaka miwani iangukie kwenye chai.

Wanafunzi wako walikuita Profesa, na waumini walikuita Fada. Hapa nyumbani Mweiga ulikuwa Theuri tu, kitinda mimba wa mzee Kingori, mdogo wake mama yetu Kagure, mtu aliyesoma mpaka Roma akarudi hajui kukamua ng'ombe. Ulishika chuchu kwa vidole viwili, kwa heshima zote, na ng'ombe alikuwa akigeuka kukutazama kwa huruma. Kagure alikufukuza zizini kila mara. "Toka hapo, Fada. Utanikaushia maziwa bure."

Tunakushukuru kwa mchele. Kila ulipokwenda Wang'uru kufundisha makatekista ulirudi na kilo mbili ndani ya mkoba wa vitabu, mchele ukinuka vitabu na vitabu vikinuka mchele. Tunakushukuru kwa kutotuonea haya. Ulikuwa na kanzu tatu tu, zote za mkono wa Mzee Othmani, fundi cherehani wa Majengo mjini Nyeri, aliyewashonea mashehe na mapadri kwa cherehani moja. Ulipomuuliza kama hachanganyikiwi, alikujibu, "Kanzu ni kanzu, Padri. Mimi napima mabega. Kilicho ndani anapima Mungu." Jibu hilo ulilipeleka darasani seminari kuu, na tunasikia lilitoka kwenye mtihani.

Zaidi ya yote tunakushukuru kwa daftari la maswali ya dada yako.

Kagure aliacha shule darasa la pili, lakini hakuna mwanafunzi aliyekuhangaisha kama yeye. Mkiwa mmeketi ghalani mnachagua viazi, vya mbegu huku na vya kuuza kule, alikuwa akikutupia swali bila hata kuinua macho. "Ati Mungu ako kila mahali. Sasa mbona mnamfungia kwa kasanduku kule altareni, na kifunguo anakaa nayo Fada?" Uliacha viazi, ukapangusa mikono kwenye kanzu, ukaandika. Mzee Othmani alilalamikia madoa hayo miaka yote. Seminari ulikuwa ukifungua somo kwa kusema, "Dada yangu anauliza." Wako waliodhani dada huyo umemtunga, mpaka siku ya mazishi yako walipomwona kwa macho yao akiwaelekeza mahali pa kunawa mikono.

Lakini swali moja lilizidi mengine yote, na hatuwezi kukushukuru sawasawa bila kulieleza. Lina aibu ndani yake, yako na yetu. Wewe mwenyewe ulituambia tusimsifu marehemu kwa uongo, kwa kuwa hana nafasi ya kukanusha.

Mwaka wa hamsini na tano ulikuwa seminari ndogo. Baba yenu alikuwa amefia kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, mama yenu alikuwa kitandani, na katekista akaja kumwambia Kagure kwamba huenda ukaitwa urudi nyumbani, maana boma halina mwanamume. Kagure alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa amebatizwa tangu utotoni, anaimba kwaya, anajua Kilatini cha misa yote bila kuelewa hata neno moja. Alikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne alikubali kuolewa na Mutahi, jirani mwenye mke tayari, mtu mkimya aliyeahidi kumjengea nyumba, kumlimia mama na kumwacha Theuri asome. Ahadi zote tatu Mutahi alizitimiza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na baba yetu alikuwa rafiki kabla ya kuwa mume.

Sheria ya Kanisa Kagure aliijua. Mke wa pili haendi komunyo. Alihama kutoka kwaya akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na wasichana waliozalia nyumbani na wanaume wanaoishi na wake bila ndoa ya kanisani. Hakulalamika, kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba siku utakayopewa upadri, jambo lake utalimaliza wewe. Ndugu yake atakuwa na funguo, basi mlango wake hautabaki umefungwa. Alingoja miaka tisa na imani hiyo, akiihesabu Krismasi kwa Krismasi.

Ukafika mwaka wa sitini na nne, misa yako ya kwanza nyumbani. Kagure hakulala kitandani siku mbili kwa kupika. Watu walitoka mpaka Karatina na Sagana. Wakati wa komunyo alivua kitambaa cha jikoni, akaenda mbele, akapiga magoti pamoja na wengine, akafumba macho, akafungua mdomo.

Ulifika mbele yake na bakuli la hostia. Ulisimama. Wote waliokuwepo waliona ulivyosimama. Halafu ukapita, ukampa mtu wa kando yake.

Kagure aliendelea kupiga magoti pale, macho amefumba na mdomo wazi, akidhani bado unakuja. Aliyemwondoa ni Waithira, mke mkubwa wa Mutahi, ambaye hata Mkatoliki si, aliyekuja kama mgeni wa sherehe. Alitembea kutoka nyuma mpaka mbele kwa viatu vyake vyenye kelele, akamshika kiwiko, akamwambia, "Twende, mama. Wali inaungua." Wali haukuwa unaungua. Kagure alikwenda akawapakulia watu mia mbili, nawe ukiwemo, na chozi hakutoa. Alijikaza kisabuni. Lakini hakusema nawe neno siku hiyo, wala siku uliyoondoka kwenda Roma.

Uliandika barua kutoka huko. Kabura, binti yake mkubwa, alikuwa akimsomea karibu na moto. Ulieleza majengo, baridi, maprofesa, na kila mwisho wa barua uliandika, "Dada, nijibu." Kagure alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja barua, akaiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, akatoka kwenda kukata nyasi. Miaka mitano hivyo. Sisi watoto tulikuwa tukikuchukia kidogo, Padri. Utusamehe, tulikuwa wadogo na yeye ndiye mama.

Ulirudi mwaka wa sabini na udaktari wa teolojia. Kabla hujaripoti seminari ulikuja hapa, ukamkuta ghalani. Ulivua koti, ukaketi juu ya gunia, ukaanza kuchagua viazi bila kuulizwa, ukichanganya vya mbegu na vya kuuza. Alikuacha uharibu debe zima. Mwishowe ulisema, "Dada, nilifanya vile sheria inasema."

"Najua. Hata mimi najua hiyo sheria. Nani alikuambia siijui?"

"Basi ni nini?"

"Niko na swali moja tu. Yesu alijua Yuda atamuuza. Si alijua?"

"Alijua."

"Na akampatia mkate."

Uliweka chini kiazi ulichokishika.

"Sasa mimi niambie, Fada, wewe umesoma. Mimi niliuza nani?"

Kabura alikuwa mlangoni na chai. Anasema chai ilipoa mkononi mwake, maana aliogopa kuingia. Ulilia, Padri. Mtu mzima, profesa, ulilia na mikono yenye udongo usoni. Hukumpa jibu. Wengi wangempa jibu, na Roma ilikuwa imekujaza majibu kwapani. Ulimwomba tu ruhusa ya kuliandika swali, akakuruhusu. Ndilo la kwanza kwenye daftari.

Jumapili iliyofuata uliadhimisha misa ya saa moja. Ya saa nne ilikuwa ya padri wa parokia. Kanisa limejaa, watu wanakutazamia mbele pamoja na wazee wa kanisa, wewe ukaingia na kanzu yako, ukaketi benchi la mwisho kando ya Kagure. Katekista alikukimbilia. "Fada, pita mbele, kiti yako iko."

"Nimeshafika," ulimwambia.

Watu walipokwenda komunyo, benchi la nyuma lilibaki kama kawaida yake, nawe ukabaki. Kagure alikunong'oneza, "Wewe enda, unazuiwa na nani?" Ukamjibu, "Mimi nimekula asubuhi." Alikaza macho mbele asicheke kanisani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita ninyi wawili kukaa mahali pamoja kwa amani.

Ulifanya hivyo miaka kumi na mitano. Kila likizo, Agosti na Desemba, misa ya saa moja unakula na ya saa nne unakaa. Maneno yalikuwepo, mji wa Nyeri haukosi maneno. Kuna waliosema unaigiza, kuna waliosema unaunga mkono ndoa ya wake wawili. Wakubwa wako walikuita ueleze. Ulituambia ulivyowajibu: "Sheria sijaivunja. Nimeketi tu." Na kweli hukuivunja hata siku moja, jambo lililotuudhi sisi vijana. Tulitaka uivunje. Ndugu yetu Hezekiah alikuambia usoni kwamba woga umevaa kanzu. Ulimwambia, "Inawezekana. Niombee," ukaendelea kula viazi vyako.

Baada ya misa wale wa benchi la nyuma walikuwa wakikuzunguka nje, wakauliza yao. Humo ndimo lilimotoka somo lako kubwa, lile ambalo wanafunzi wako wanalikariri hadi leo: kabla hujamfundisha mtu sheria, mjue kwa jina yule inayemwacha kwenye benchi. Zaidi ya mapadri mia mbili walipita mikononi mwako. Tumekutana na wengi mwaka huu, na kila mmoja alitaka kumsalimu Kagure kabla ya kutusalimu sisi.

Mwezi wa tatu mwaka jana Mutahi alifariki. Mwezi wa nne figo zako zikakataa, ukalazwa hospitali ya misheni. Hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu kweli.

Padri Wamae wa parokia yetu, aliyekuwa mwanafunzi wako, alikuja kumpa Kagure pole, na kabla ya kuondoka akamwambia kwa upole kwamba sasa yeye ni mjane na hakuna kinachomzuia. Aungame tu, na njia iko wazi.

"Njia gani?" Kagure aliuliza. "Hiyo unaonyesha mimi ni kaburi ya Mutahi."

Hakutaka kusikia. Mzee amemlisha miaka thelathini, leo yeye apite juu ya udongo mbichi kwenda mezani? Watu waseme alikuwa anangoja mume afe ndio ale? Tulimbembeleza, tukamkaripia, tukamletea shangazi wa kwaya, akatutimua wote kwa ufagio. Na saa zilikuwa zinakwenda. Sote tulijua anachokitaka tangu mwaka wa hamsini na tano, na tulijua ni mkono wa nani anaoutaka, na mkono huo ulikuwa unakauka kitandani. Kila Jumatano alikuletea uji kwenye chupa, akakulisha, mkazungumza habari za ng'ombe. Hukumwomba hata mara moja. Tulikukasirikia kwa hilo pia. Leo tunaona ilikuwa heshima.

Agosti, Ijumaa moja asubuhi, Waithira alikuja nyumbani kwa Kagure amevaa leso yake ya kwenda mjini.

"Kagure, vaa."

"Tunaenda wapi?"

"Kwa Fada."

"Leo si Jumatano."

"Fada hajui tena Jumatano ni gani. Unangoja nini?"

"Waithira, usinianzie. Sitaki kukula juu ya kifo ya Mutahi."

Waithira aliketi. Magoti yanamsumbua, haketi bila sababu. "Mutahi alikuwa bwana yangu kabla awe yako," alisema. "Kama kuna mtu wa kukasirika, ni mimi. Niliwahi kukasirika? Ile siku ulikuja hapa na kasanduku yako nilikuonyesha mahali pa maji. Ile siku ulipitwa huko mbele ni mimi nilikutoa. Sasa nakurudisha. Vaa viatu, mwanamke, nisichelewe."

Kagure alivaa viatu.

Padri Wamae alimsikiliza maungamo kwenye kiti cha ujia, karibu na dirisha la chumba cha kufulia nguo. Walichukua muda, mpaka muuguzi akauliza kama kuna mgonjwa. Kisha Padri akaingia na hostia chumbani mwako, naye alikuwa amejiandaa kumkomunisha yeye mwenyewe. Ulifungua macho. Ulimwona dada yako, ukamwona Waithira nyuma yake, ukaelewa. Sauti yako ilikuwa ndogo sana. "Wamae, nipe mimi."

Ulichukua hostia kwa vidole viwili. Mkono uliinuka kidogo, ukashuka juu ya blanketi. Ukajaribu tena. Ukashuka tena. Padri Wamae akataka kusaidia, Waithira akamvuta nyuma. Ndipo Kagure alipoingiza kiganja chake chini ya kifundo cha mkono wako, akauinua. Hakufumba macho safari hii.

"Mwili wa Kristo, Kagure," ulisema. Jina halimo kwenye kitabu cha misa. Uliliongeza wewe.

Aliitikia Amina kwa sauti iliyosikika wodi nzima. Halafu akabaki ameushika mkono wako, na wewe ukasema, "Nilikupita." Akakujibu, "Ulirudi ukakaa." Hamkusema kingine juu ya jambo hilo. Alikaa kando ya kitanda, akakuuliza kama umekunywa uji. Baada ya siku tisa ulitutoka, usingizini, bila kusumbua mtu.

Asante, Theuri. Asante kwa kutotafuta njia ya mkato, ijapokuwa wengine wetu bado tunabishana nawe moyoni. Asante kwa kukaa.

Wazee wa kanisa walimtengea Kagure nafasi mbele, safu ya pili, kwa heshima yako. Amewashukuru, akakataa. Misa ya saa moja anakwenda mbele, anapokea. Misa ya saa nne anarudi, anaingia benchi la mwisho karibu na mlango, ambako siku hizi anaketi mke mdogo wa mtu mmoja wa huku Mweiga, binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye mwanzoni alikuwa analia watu wakienda komunyo. Benchi linabaki, na Kagure anabaki nalo. Yule binti alimuuliza, kama anavyomwita bibi yake, "Cucu, wewe si unakubaliwa? Mbona huendi?"

"Mimi nimekula asubuhi," Kagure alimwambia, akamsogelea.

Tunaokukumbuka kwa shukrani ni dada yako Kagure. Waithira, mke mwenza wake, anayesema nyumba ni moja. Wapwa wako Kabura, Hezekiah, Moffat, na Kingori aliyechukua jina la baba yenu. Padri Wamae na wanafunzi wako wote. Mzee Othmani wa Majengo, ambaye bado ana vipimo vya mabega yako ukutani. Na watu wa benchi la nyuma. Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, saa nne. Maadamu benchi lile lina mtu, Padri, hutasahaulika kwetu.